Tonge la Kwanza

Neema alinipigia simu nikiwa kazini na glavu mkononi. Kwa kawaida hapigi, hutuma ujumbe tu kama vijana wote, kwa hiyo nilijua kabla sijapokea. "Aunty, Mum's gone," alisema, kisha tukabaki tunasikilizana tukipumua, yeye Rooty Hill, pembezoni mwa jiji, na mimi huku mjini. Neema ana watoto wawili sasa, na bado nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa msichana wa shule mwenye soksi zisizopanda. Aliniambia mazishi ni Jumamosi na kwamba chakula kitakuwa kwenye ukumbi uleule wa kanisa. Akaniuliza kama ninaweza kufika mapema. Nikamwambia nitafika, bila kumuuliza mapema kwa ajili ya nini. Mwenzangu wa meza ya pili aliniuliza kama niko sawa, nikamjibu niko sawa, kwa sababu ningeanzia wapi kumweleza? Mama Neema hakuwa ndugu yangu. Yeye alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mimi Mkamba wa Kitui, na nyumbani kwake nilikaa miezi michache tu, ambayo sehemu yake ya mwisho tulikuwa hatusemezani. Hata hivyo nilivua glavu, nikaenda chooni, nikalia kama mtoto.

Mambo ya kwetu nitayaacha, maana kila mtu ana kwao. Nianzie kwenye chumba cha mayai. Kilikuwa orofa ya chini ya maabara ya chuo, mwisho wa korido, hakina dirisha, na ndani yake mashine mbili za kutotolesha zilinguruma kutwa kucha. Joto lake lilikuwa joto la kwetu, na nilikipenda siku ya kwanza kwa sababu hiyo tu. Nje ilikuwa Julai. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba Australia kuna baridi, nami nilikuja na sweta moja, tena la kuendea kanisani. Nilikuja kwa utafiti wa mwaka mmoja juu ya sumu za kuvu, zile zinazozaliwa kwenye mahindi na karanga zikiwekwa mahali penye unyevu, ambazo kwa Kiswahili tunaziita sumukuvu. Kulikuwa na mashine za kutuambia ni sumu gani na ni kiasi gani. Lakini mashine haijui sumu itamfanyia nini kiumbe hai, na hilo tuliyauliza mayai.

Tuliletewa mayai yenye mbegu kutoka shamba la kuku, tukayaweka kwenye joto, tukayageuza kama kuku anavyoyageuza kwa mdomo, na baada ya siku chache tukayamulika. Unazima taa ya chumba, unaliweka yai juu ya tundu lenye mwanga mkali, unatazama. Yai lisilo na kitu ni njano tupu. Lenye uhai linaonyesha mishipa myekundu iliyotandaa kama mizizi ya mche, na katikati yake doa jeusi linalochezacheza. Upande ulio butu kuna nafasi ya hewa, na hapo ndipo tulipotoboa kitundu, tukadunga tone la kile tulichotaka kukipima, tukaziba kwa nta, tukalirudisha yai kwenye joto lake. Mengine tuliyadunga kimiminika kitupu, ili yakifa tujue ni sisi tumeyaua kwa sindano. Kisha tukamulika kila siku. Kiinitete kilichokufa hakichezi, na damu yake hujikusanya pembeni ikawa pete. Ukiiona pete unaandika, unachukua yai linalofuata. Hakuna kifaranga aliyewahi kuanguliwa katika chumba kile, kwa kuwa kanuni zilitaka jaribio likatizwe mapema. Margaret, msimamizi wangu, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, alinionya siku ya kwanza nisiyape mayai majina. Sikuyapa majina. Nilikuwa nayasalimia tu.

Niliyasalimia kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kumsalimia. Watu wa maabara walikuwa wema, sitawasingizia, lakini wema wao ulikuwa wa mlangoni: walikuuliza mwisho wa wiki ulikuwaje na kabla hujajibu wameshapita. Siku moja nikiwa kwenye korido niliwasikia katika chumba cha chai wakinizungumzia, mmoja akisema mimi ni mkimya sana, pengine ndivyo tulivyolelewa. Mimi, ambaye kwetu nilikuwa nikiitwa redio! Nilirudi chumba cha mayai nikacheka peke yangu, na kicheko chenyewe kikageuka katikati. Mayai hayajui Jumapili, lazima mtu aje kuyatazama, na wenzangu walikuwa na watoto wao na bahari yao, kwa hiyo zamu za Jumamosi na Jumapili nilizichukua mimi. Nilikula mkate na jibini nimesimama karibu na mashine ili nipate joto. Kuna wiki niliyofika Jumatatu nikagundua kwamba tangu Ijumaa sijatamka neno kwa mtu yeyote isipokuwa dereva wa basi.

Mama Neema nilikutana naye kwenye treni. Nilikuwa nazungumza na dada yangu kwa simu, na nilipokata, mwanamke aliyekaa mbele yangu, mfupi, mnene kidogo, amevaa sare ya nyumba ya wazee alikokuwa akifanya usafi, alinitazama akasema, "Weye unatoka wapi na hicho Kiswahili cha watu wa redio?" Hivyo tu. Tulipofika Rooty Hill alikuwa ameshanijua mpaka kabila, na nilikuwa nimeshajua kwamba ana binti mmoja, kwamba mumewe alikufa zamani, kwamba aliletwa huku kutoka kambini, na kwamba ana chumba kitupu. Nilihamia kwake kabla mwezi haujaisha. Safari ya treni ilikuwa ndefu kuliko ile ya mwanzo, lakini nani alijali treni. Nyumba ilikuwa ya matofali, ya kupanga, na sebuleni kulikuwa na makochi makubwa yenye vitambaa alivyofuma mwenyewe, televisheni ambayo haikuzimwa, na meza iliyochukua nafasi ya watu wanane ingawa humo ndani tulikuwa watatu. Jikoni kulinukia sombe, kisamvu cha kwao, na samaki wadogo wa kukaanga. Jioni ya kwanza nilikula mpaka nikaona haya, naye akaniambia haya haishibishi.

Kulikuwa na jambo moja nililolishangaa. Kabla hujagusa chakula, Mama Neema alinawa, akamega tonge la bugali, kama wanavyouita ugali kwao, akachovya katika kila bakuli lililokuwa mezani, akala mbele yako, akameza, ndipo akakusogezea. Alifanya hivyo hata kwa maji, alikunywa funda la kwanza. Kwetu mgeni hutangulia, na mwenyeji anayewahi tonge huitwa mlafi, basi wiki ya pili nilimtania kwamba ana njaa ya kambini. Neema alicheka. Mama yake hakucheka. "Kwetu mwenye nyumba njo anaanza," alisema. "Mugeni aone." Nilimuuliza aone nini, akasema aone tu, kisha akaniongezea mchuzi. Baadaye niliuliza wengine, nikaambiwa kwamba upande ule watu huogopa sana kutiliwa kitu katika chakula, na kwamba tonge la mwenyeji ni kiapo. Nililipenda baada ya kujua. Tangu nitoke kwetu hakuna mtu aliyekuwa ameniapia chochote.

Mahindi yalianza kama starehe. Unga wa dukani, Mama Neema alikuwa akisema, ni chaki. Mkongomani mmoja wa zamu yake akamwelekeza kwenye duka la vyakula vya mifugo, mbali kidogo, ambako wanauza mahindi makavu kwa magunia, ya farasi na kuku. Wengi wetu tulifanya hivyo miaka ile. Mzungu anamnunulia farasi, sisi tunajinunulia sisi, na muuza duka akituuliza tuna farasi wangapi tunamwambia wengi. Alinunua na kijimashine cha umeme cha kusagia. Mimi mwenyewe nilifurahi kupita kiasi, nikatwanga ya muthokoi, chakula chetu cha mahindi yaliyokobolewa, Neema akaonja akasema ni "weird" lakini akarudia sahani. Gunia la pili liliwekwa gereji, limeegemea ukuta, kando ya mashine ya kufulia. Mpira wa mashine ile ulikuwa ukivuja polepole na hakuna aliyejua. Nilipoenda kuchota siku moja, mkono wangu ulitoka na vumbi la rangi ya kijani iliyochanganyika na njano, na nikabaki nimesimama nikiitazama rangi niliyokuwa nikiitazama kila siku kazini.

Nilimwambia. Hilo nataka lieleweke, kwa maana baadaye ilisemwa kwamba sikumwambia. Nilimwambia palepale gereji kwamba mahindi yameota ukungu, tuyatupe. Aliyatia mkono, akayanusa, akasema yaliyoharibika atayachambua, mengine atayaosha, atayaanika. "Mu kambi tulikula mubaya kupita hii," alisema. "Moto inamaliza yote." Nikamweleza kwamba sumu hii moto hauimalizi, ukungu unakufa lakini uchafu wake unabaki, akanicheka kwa upole, kwamba nimesoma hadi naogopa chakula. Na kusema kweli sikuwa na uhakika. Ukungu wa rangi hiyo kuna wakati unatoa sumu na kuna wakati hautoi, huwezi kujua kwa macho. Nilichukua mahindi kikombe kimoja, nikamwomba Margaret ruhusa, akasema kama nina mayai ya ziada nifanye. Nikayasaga, nikakamua kilichokuwa ndani yake kwa dawa, nikadunga mayai. Mama Neema nilimwomba kitu kimoja tu, apikie unga wa dukani mpaka nimpe jibu. Alisema tutaona. Wiki ile nilikula mkate nikisingizia tumbo, na kila nilipoisukuma sahani ambayo alikuwa ameshaionja, niliona anavyoitazama.

Wakati huohuo nyumba nzima ilikuwa inangoja ugeni. Mchungaji Elia wa kanisa lao, naye mtu wa Bukavu, alikuwa ameshakula katika nyumba ya kila muumini isipokuwa ya Mama Neema. Nilikuwa nimeona pia kwamba kukiwa na sherehe kanisani, wanawake wengine hupika, yeye hupewa kazi ya kupanga viti. Nilidhani ni kwa sababu ya zamu zake. Sasa mchungaji amekubali kuja, pamoja na mkewe, Jumapili baada ya ibada, na Mama Neema alifua mapazia, akanunua sahani mpya, akamkalisha Neema chini akamsuka upya. Nilimsikia jikoni akimwambia binti yake kwamba baada ya Jumapili hii mambo yatakuwa mengine. Neema akamuuliza kwa Kiingereza mambo gani. Mama yake akamwambia ashike kichwa vizuri.

Jumapili hiyo nilikuwa zamu. Nilizima taa, nikaanza kumulika. Yale tuliyoyadunga kimiminika kitupu yalikuwa yanacheza ndani ya mwanga, mishipa imejaa. Nikaja kwenye trei ya mahindi ya gereji. Pete. La pili, pete. Niliyamulika yote, nikayarudia, kwa sababu nilitaka niwe nimekosea. Sikuwa nimekosea. Nilimpigia simu Mama Neema, haikupokelewa, nikapiga ya Neema, imezimwa kwa ajili ya ibada. Nikafunga chumba nikakimbilia stesheni. Ndani ya treni nilikuwa najiambia kwamba bila shaka amepika unga wa dukani, wageni wakubwa kama hao, na kila nilipojiambia hivyo nilikumbuka alivyosema unga wa dukani ni chaki.

Nilipoingia walikuwa wameshakaa. Mchungaji kwenye kiti cha mikono, mkewe pembeni yake na kilemba cha manjano, Neema na nywele zake mpya, mabakuli yanatoa mvuke, na katikati ya meza bugali, mkubwa, wa njano, rangi ambayo unga wa dukani hauna. Sala ilikuwa imekwisha. Mama Neema aliniona akatabasamu, akanionyesha kiti kwa kidevu, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umeshamega tonge. Aliunyanyua. Nilivuka chumba nikamshika kifundo cha mkono.

"Mama, usile," nikasema. "Huu unga una sumu."

Tonge lilianguka kwenye kitambaa cha meza. Mke wa mchungaji aliondoa mikono yake mezani akaiweka mapajani, taratibu, kama mtu anayeogopa kuonekana anafanya haraka. Mama Neema hakukasirika, na hilo ndilo nisilolisahau. Alinitazama kama mtu ambaye amekuwa akingoja jambo fulani miaka mingi na sasa limefika, limekaa mezani pake. Nami nikaanza kueleza. Nilieleza gereji, nikaeleza mpira unaovuja, nikaeleza mayai na pete za damu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoharibu, maana walichokuwa wakikisikia ni kwamba nimechukua chakula cha mwanamke huyu, nimekijaribu kwenye vifaranga, na vifaranga wamekufa wote. Mchungaji alisikiliza mpaka mwisho, ni mtu mstaarabu. Akasema Bwana apewe sifa kwa wasomi. Akaomba sala fupi, wakaaga, wakaondoka bila kunywa hata maji. "What did you do?" Neema aliniuliza, na machozi yalikuwa yanamtoka. Mama yake alikuwa anafunika mabakuli, moja moja.

Hakunifukuza. Angenifukuza ningekuwa na la kujibu. Gunia alilitupa mwenyewe, akanunua unga wa dukani, na kila jioni aliniwekea sahani yangu mezani, akaondoka. Hakuonja. Nilikaa mbele ya sahani ile nikisikia televisheni, na chakula kilikuwa kilekile, chumvi ileile, na sikuweza kukimeza. Siku ya nne nilirudi mapema nikamsikia chumbani akizungumza na dada yake aliyeko Bukavu, mlango uko nusu wazi. "Walisema ni miye nilimupa Baba Neema," alikuwa akisema. "Wakanifukuza na mutoto mu mugongo. Sasa hata huku imenifwata, dada. Imepanda ndege, imenifwata." Nikasimama pale koridoni na mkoba wangu begani. Mumewe alikufa, ndugu za mume wakasema amemlisha kitu, na neno hilo likamtoa nyumbani kwake, na bila shaka lilikuwa limeshafika kwenye masikio ya kanisa hili kabla yangu, kwa mnong'ono. Ndiyo maana kanisani alipewa kazi ya viti. Mimi nililitamka kwa sauti, tena nikiwa nimemshika mkono, kama polisi.

Nilihamia Campbelltown wiki ile, chumba cha uani kwa mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa akisikiliza mbio za farasi. Kutoka pale mpaka mjini ni treni ya kusinzia, kuamka, na kusinzia tena. Ulikuwa mwanzo wa kiangazi, majirani wanachoma nyama uani, moshi na vicheko vinaruka ua, nami nakaa kitandani na sufuria ya wali mapajani. Upweke wa mwanzo ulikuwa wa mtu asiyejua anakosa nini. Huu sasa ulikuwa na meza yake, na sahani zake, na harufu yake. Kazini walinipongeza. Margaret alisema matokeo ya mahindi ya gereji ni safi, kwamba tofauti kati ya trei mbili haiachi shaka, na kwamba tuyaweke kwenye ripoti. Alinipa mkono. Niliporudi chumba cha mayai nilizima taa, nikasimama gizani, na kwa mara ya kwanza sikuyasalimia.

Nimelifikiria jambo lile miaka hii yote na sijalimaliza. Yai ni kiumbe kidogo, tone linaliua. Mtu mzima hafi kwa tonge moja; sumu ile humla mtu ini polepole, kwa miaka ya kula. Nilikuwa nalijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote Rooty Hill. Ningeweza kuliacha tonge lile lipite, nikamwita pembeni. Lakini nilikuwa nimetoka kuziona pete, zilikuwa bado machoni, na niliona mkono wa mtu niliyempenda ukipanda kwenda mdomoni. Watu huniambia, hasa Wakenya wenzangu ambao kila jambo kwao lina njia ya kidiplomasia, kwamba nilipaswa kutulia. Huenda. Mimi nawajibu kwamba ningekuwa mtu wa kutulia nisingekuwa nimekimbia kutoka stesheni. Sijutii kuushika mkono. Kinachonichoma ni wale waliokuwa wamekaa wakitazama.

Desemba Neema alinitumia ujumbe. Aliandika kwamba mama yake ameomba apike kwa ajili ya Krismasi ya kanisa, wamemkubalia kwa sababu hawakujua jinsi ya kukataa, na kwamba hakuna atakayekula. Aliandika "please" mara tatu. Nilikwenda. Ukumbi ulikuwa wa joto, feni zinazunguka bure, watoto wanakimbizana chini ya meza na Kiingereza chao. Sufuria zilikuwa zimepangwa kwenye meza ndefu, na foleni ilikuwa inakwenda vizuri, pilau, kuku, ndizi, mpaka ilipofika kwenye sufuria ya Mama Neema iliyokuwa na sombe na sahani ya bugali iliyofunikwa, hapo watu walikuwa wanaruka, kila mmoja akijifanya ana mazungumzo na wa mbele yake. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya meza na mwiko. Nilikuwa nimeandaa maneno, treni nzima nilikuwa nayapanga, juu ya ukungu, na unyevu, na kwamba hapakuwa na mkono wa mtu. Nilipouona uso wake niliona kwamba maneno nilishayatumia yote siku ile. Nikanawa. Nikafunua sahani, nikamega tonge, nikachovya kwenye sombe, nikala nimesimama hapo, wakiniona. Nikameza. Nikamega jingine. Kisha nikajaza sahani yangu nikaenda kukaa.

Mchungaji Elia alikuwa wa pili, mkewe hakuja. Baadaye walikuja wanawake wawili, halafu kijana mmoja mwenye njaa ambaye nafikiri hakuwa na habari. Sufuria haikuisha, lakini ilichotwa. Mwishoni Mama Neema alikuja akakaa kando yangu, akitazama watoto.

"Ungeniambia mu jikoni," alisema.

"Ndiyo, Mama."

Alinyoosha mkono, akamega kidogo kwenye sahani yangu, akala, kisha akanisogezea.

Mwaka wangu uliisha, nikapata kazi, nikabaki. Sikurudi kuishi Rooty Hill, wala hakuniambia nirudi. Lakini Krismasi na Pasaka nilikuwa kwenye meza ile, na aliniwekea, akaonja, akanisogezea, hata baada ya wengine wote kuizoea nyumba yake na yeye kuacha kuwaonjea. Kanisani walikuja kumfanya mkubwa wa wapishi. Jikoni tu ndiko hakunipeleka tena. Nikisimama kumsaidia alikuwa ananiambia mgeni akae, na nilikaa, miaka yote, nikisikia wanawake wenzake wakicheka naye nyuma ya mlango.

Jumamosi nilifika mapema kama nilivyoombwa. Neema alikuwa ananisubiri nje ya ukumbi amefunga kitenge cha mama yake, hakunipeleka kwenye viti, alinishika mkono akanipitisha mlango wa nyuma mpaka jikoni. Wanawake waliokuwa humo walinipisha. Nilikoroga, nikamenya, nikaosha masufuria, hakuna aliyeniuliza naweza nini. Tuliporudi kutoka makaburini watu walikaa, mchungaji Elia, mzee sasa, akaomba, na chakula kikaletwa kwenye meza ndefu, na hapo kila kitu kikasimama. Hakuna aliyechukua sahani. Mwenye nyumba alikuwa ndiye tuliyemzika. Niliona wazee wa Bukavu wakitazamana, na mimi nikainamisha kichwa, nikijua wanatafuta mdomo wa kuapia chakula kile.

Neema alikuja na bakuli la maji mkono mmoja na sahani ya bugali mkono wa pili, akasimama mbele yangu. Sauti yake ilikuwa ya mama yake, sijui alikuwa ameificha wapi.

"Onja, mama mdogo," alisema kwa Kiswahili. "Watu wanangoja."

Nikanawa, nikamega tonge, nikachovya kwenye kila bakuli, nikala, watu wote wakiniona.